Msondo: bendi iliyobadili jina mara tatu

Kabla ya lami ya kutoka Tunduma, muziki wa dansi ulipanda Ufipa kwa redio. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, jioni zikapata nguvu za kumalizia kipindi. Ndivyo mtu wa Laela au Namanyere alivyoijua sauti ya Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji wa NUTA Jazz, bila kumwona hata siku moja.

Bendi hiyo ilizaliwa 1964, mwaka ambao serikali, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, iliunda chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya umri wake: mtu akihama, gitaa lilibaki na nafasi ikajazwa. Na walihama kweli. Gurumo na mwimbaji mwenzake Hassan Rehani Bitchuka walikwenda bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, na ukaanza ule ushindani wa Msondo, mtindo wa NUTA, na Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, unaogawa mashabiki mpaka leo.

Lakini kilichowakalisha watu redioni ni upigaji. Wimbo huanza taratibu, waimbaji wakisimulia ndoa, majirani, au msiba. Kisha saksafoni na tarumbeta huingia, waimbaji hupisha, na chemko huanza. Gitaa la solo hushika kipande kifupi, hukirudia, hukipinda kidogo, huku la pili likijibu na besi ikikaza mwendo. Kanda ya redio ilikuwa na kikomo, ila ukumbini chemko lilikwenda kadiri wachezaji walivyotaka. Saidi Mabera, aliyeingia enzi za NUTA, alilishika solo hilo kwa miongo mingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikawa JUWATA, nayo bendi ikawa JUWATA Jazz. Katika miaka ya 1990 ikawa OTTU Jazz. Baadaye ikajitegemea, ikachukua jina la mtindo wake: Msondo Ngoma. TX Moshi William, mwimbaji wake mwingine, alifariki 2006. Gurumo, ambaye alikuwa amerudi nyumbani Msondo, alifariki 2014.

Kanda za Radio Tanzania sasa ziko mikononi mwa TBC. Zipigwe hewani, na mtangazaji amtaje mpiga solo, mpiga besi na wapuliza tarumbeta, si mwimbaji peke yake.