Mgeni Katika Soko la Ushauri wa Uchumba

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno haya husemwa kila mgeni afikapo mlangoni, lakini ni nadra watu kujiuliza mgeni yule humponya mwenyeji kwa dawa gani. Swali hilo lilinijia katika mji wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako malori husimama safu ndefu yakingoja ukaguzi wa forodha, na ambako vijana wa makabila mengi hukutana, huuziana, hupendana na kuoana. Kijana mmoja niliyemfundisha ualimu, mzaliwa wa mji huo, alinieleza kuwa alikusudia kutoa ushauri wa uchumba kwa njia ya intaneti, apate na riziki kidogo kwa kazi hiyo. Hofu yake ilikuwa moja. "Mwalimu," alisema, "washauri wamejaa tele. Wako Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Marekani. Wana sauti nzuri, wana picha nzuri, wana wafuasi maelfu kwa maelfu. Mimi ni nani hata nisikilizwe?"

Mimi si mfanyabiashara, kwa hiyo sikuwa na jibu la biashara. Lakini nafundisha historia, na historia ilikuwa na jibu. Jibu hilo ndilo ninalowaandikia hapa, kwa sababu huenda miongoni mwenu wamo watakaoiingia kazi hiyo, na hapana shaka wamo wengi watakaokwenda kuomba shauri.

Kazi ya kuwashauri wachumba ni ya kale, wala haikukosa wenyewe hata siku moja. Katika nchi inayozunguka Malaba na Busia, Wateso, Wasamia, Wakhayo na majirani zao walioa kwa mahari ya ng'ombe, na mapatano yake yalikuwa shughuli ya koo mbili, si ya vijana wawili. Kwa Waluo, walio kusini kidogo, alikuwako jagam, yaani mtu wa kati aliyewajulisha wachumba na kuzisemeza nyumba mbili. Alikuwako pia bibi mzee aliyeitwa pim. Bibi huyu alilala nyumba moja na wasichana, iliyoitwa siwindhe, akawafunza maisha, koo na desturi. Mara nyingi pim hakuwa mzaliwa wa boma lile. Alikuja kutoka mbali, na maarifa yake yalithaminiwa kwa sababu yalitoka mbali. Tazameni basi jinsi mgeni alivyoweza kuwaponya wenyeji zamani kabla ya intaneti.

Kwa Waganda mshauri wa msichana alikuwa ssenga, dada wa baba yake. Pwani ya Waswahili palikuwa na mshenga aliyepeleka posa, na somo aliyemfunda mwari. Palikuwa pia na shauri la maandishi. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na hakutunga kwa ajili ya watu elfu. Alitunga kwa ajili ya mtoto mmoja aliyemjua tabia yake, akamhofia mustakabali wake. Utenzi huo ungali unasomwa mpaka leo, ingawa si mambo yote aliyoyausia ambayo wasomaji wa siku hizi wanakubaliana nayo.

Washauri hawa wote walitofautiana kwa lugha na desturi, lakini walifanana kwa jambo moja: walikuwa na dhamana. Ndoa ilipoingia ufa, mshenga aliitwa aeleze aliyoyasema siku ya posa. Msichana alipoaibika, ssenga aliaibika pamoja naye. Hapakuwa na mtu aliyeweza kutoa shauri baya usiku, kisha asubuhi asijulikane aliko. Watu waliwaamini kwa sababu walijua wapi pa kuwapata.

Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakawa watu wa pande mbili za mpaka. Reli iliyotoka Mombasa ilivuka mpaka kuelekea Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Barabara ikaifuata njia hiyo, malori yakaifuata barabara, na watu wakayafuata malori. Vijana wakaja kutafuta kazi mahali ambapo hawakuwa na shangazi, wala bibi, wala mtu wa kati. Mvulana aliyempenda msichana wa kabila lingine hakujua pa kuanzia. Msichana aliyeposwa na msafiri hakuwa na mtu wa kumwendea kwao akapeleleze nyumba yake. Haja ya ushauri ilizidi mahali pale pale washauri walipopungua.

Pengo la namna hii halikuwa letu peke yetu. Mji wa London ulilipata zaidi ya miaka 200 kabla ya Malaba. Katika karne ya 17 vijana wengi wa Uingereza waliacha vijiji wakaingia mji huo mkubwa, mbali na wazee wao. Mwaka 1691 muuza vitabu mmoja, John Dunton, alianzisha gazeti lililojulikana kwa jina la The Athenian Mercury. Aliwaalika watu walete maswali bila kutaja majina yao, naye angewajibu gazetini. Maswali yakamiminika: juu ya dini, juu ya nyota na wanyama, na mengi juu ya mapenzi na ndoa. Gazeti hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kurasa za ushauri katika magazeti ya dunia.

Dunton alikuwa mgeni katika kazi ya ushauri. Wachungaji walikuwako kabla yake, na wazazi, na wenye hekima wa kila mtaa. Alipata nafasi kwa sababu aliona haja ambayo hao wote hawakuweza kuitimiza: mtu alitaka kuuliza bila kuona haya. Lakini tazameni na yaliyofuata. Aliwaambia wasomaji kwamba maswali yao hujibiwa na chama cha wataalamu wengi, kumbe wajibuji walikuwa yeye na wenzake wachache, miongoni mwao Samuel Wesley, baba wa mhubiri mashuhuri John Wesley. Mwaka 1692 mtu mwingine, Tom Brown, alitoa gazeti la kumwiga na kumdhihaki, nalo halikudumu hata mwaka. Mwaka 1693 Dunton mwenyewe alitoa gazeti jingine kwa ajili ya wanawake, likafa baada ya matoleo manne tu. Gazeti lake la kwanza lilidumu hadi mwaka 1697. Hivyo tangu mwanzo soko hili lilikuwa na haja ya kweli, uso wa kuazima, mwigaji na hasara.

Uso wa kuazima ulionekana Afrika pia. Gazeti la Drum lilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, likaja kusomwa hata Afrika Mashariki. Ndani yake palikuwa na ukurasa wa bibi aliyeitwa Dolly, aliyejibu barua za wenye mashaka ya mapenzi. Wasomaji walidhani wanamwandikia mwanamke mzuri waliyemwona katika picha. Aghalabu waliojibu walikuwa wanaume, waandishi wa gazeti. Pengine majibu yao yalikuwa na busara, lakini msichana aliyefungua moyo wake alikuwa na haki ya kujua anamfungulia nani.

Uganda ilitupa mfano mwingine. Katika miaka ya 1990 idhini ya kuanzisha redio na magazeti ya watu binafsi ilipanuka, na wakati uo huo ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeacha majonzi katika nyumba nyingi. Mwaka 1993 lilianzishwa gazeti la vijana lililoitwa Straight Talk. Lilitolewa pamoja na gazeti la New Vision na kupelekwa mashuleni, likajibu maswali ya wanafunzi juu ya miili yao, urafiki na uchumba. Halikujaribu kumpokonya ssenga kazi yake nyumbani. Lilimwendea mwanafunzi wa bweni, ambaye ssenga hakuweza kumfikia, nalo likamwambia habari za maradhi ambazo ssenga hakufundishwa. Lilichagua watu wake, likawajua, likawatumikia.

Ssenga mwenyewe naye aliingia sokoni. Gazeti la Bukedde, lililoanza mwaka 1994, likampa ukurasa, redio zikampa saa zake, na katika miji wakatokea wanawake wanaofanya kazi ya ssenga kwa malipo, hali si shangazi wa yule wanayemfunza. Profesa Sylvia Tamale wa Makerere aliyachunguza mabadiliko hayo, akaandika juu yake mwaka 2005. Wako waliolalamika kwamba mila inauzwa. Wako waliojibu kwamba msichana wa mjini asiye na shangazi afadhali apate wa kukodi kuliko kukosa kabisa. Pande zote mbili zina hoja, na msomaji afanye vema azipime mwenyewe.

Sasa tuifikie intaneti. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, mtu akaweza kutuma fedha kwa simu. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na gharama ikaanza kupungua. Kabla ya hapo mshauri alihitaji mtambo wa kupiga chapa au kituo cha redio. Baada ya hapo alihitaji simu tu. Mlango ulipopanuka hivyo, walioingia wakawa wengi, na miongoni mwao wakaingia watu wasiofaa. Wapo wanaouza maneno ya kunasa wasichana kama mtu auzavyo mitego ya ndege. Wapo wanaojiita madaktari wa mapenzi hali hawakusomea lolote. Wapo walaghai wanaojifanya wachumba, wakaomba nauli leo, fedha za hospitali kesho, na kesho kutwa wakazima simu. Kenya ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao mwaka 2018, na mwaka 2019 ikatunga sheria ya kulinda habari za watu. Sheria zinaweza kumwadhibu mwovu, lakini haziwezi kumfanya mtu kuwa mshauri mwema.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana wangu, kisha nikamtolea mafunzo matatu.

La kwanza, mgeni asiingie sokoni kuuza kile ambacho kila mtu anauza. Dunton alifaulu kwa sababu ya pengo, na Straight Talk vivyo hivyo. Malaba ina pengo lake. Vijana wa pande mbili za mpaka huoana, lakini nani huwaeleza kwamba katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 zote zinataka waoaji wawe wametimiza miaka 18? Nani huwaambia kwamba sheria hiyo ya Kenya inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe? Nani huwafundisha Mteso na Mluo wanaopendana namna ya kuziheshimu desturi za nyumba zote mbili? Mshauri wa Marekani hayajui hayo, na wa Nairobi huenda hakuyafikiri.

La pili, asivae uso wa kuazima. Aseme jina lake, umri wake, na mipaka ya elimu yake. Mambo ya ugonjwa ampelekee daktari, na mambo ya kupigwa au kutishwa ayapeleke kwa wenye mamlaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

La tatu, na ndilo kubwa, awe na dhamana. Ajibu wachache anaoweza kuwafuatia habari zao, kama Mwana Kupona alivyoanza na binti mmoja. Atunze siri zao. Na shauri lake likileta madhara, asijifiche.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza, "Na kama nitakufa njaa nikiwajibu wachache?" Nilimwambia kwamba jambo hilo linawezekana, na kwa sababu hiyo asiiache kazi ya ualimu.

Miezi kadhaa baadaye alinipa habari za barua yake ya kwanza. Msichana wa upande wa Uganda aliombwa fedha na mwanamume aliyesema kuwa ni dereva wa lori na kwamba amekwama Mombasa. Aliahidi kuja kujitambulisha kwao mara tu gari litakapotengenezwa. Msichana alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wake wawili. Mwanafunzi wangu hakumwambia mpenzi huyo ni mwongo, maana hakuwa na hakika. Alimwuliza swali moja tu: "Je, shangazi yako anajua habari hizi?" Hakuwa akijua. Akamsihi amweleze kabla ya kutuma hata shilingi moja. Shangazi aliposikia, alitaka aambiwe jina la baba wa yule dereva na kijiji chake, ili watu waende wakaulize. Tangu siku ile dereva hakupiga simu tena.

Shauri hilo halikumletea kijana wangu hata senti. Lakini fedha za mbuzi wawili zilisalimika, na msichana na shangazi yake, ambao kwa muda mrefu hawakuzungumza mambo ya ndani, walianza kuzungumza. Nadhani hivyo ndivyo mgeni anavyomponya mwenyeji. Hamnyang'anyi kiti chake. Humkumbusha kuwa kiti hicho ni chake, na kwamba yupo mtoto anayengoja aketi.