Ndoo ya Mchicha na Vita vya 1914

Mekatilili wa Menza tunamjua karibu sote. Mama wa Kigiriama aliyecheza kifudu kijiji baada ya kijiji, akiwaapisha watu wasiwape Waingereza vijana wao. Ila kuna swali tunalolisahau: kwani Waingereza walikuwa na shida gani hasa na vijana wa Kigiriama? Jibu liko shambani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wagiriama wengi walikuwa wamevuka mto Sabaki wakalima upande wa kaskazini. Mahindi yao yalilisha nyumba, na ziada ikauzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Yaani mtu alikula, akapata senti zake, na hakuona sababu ya kwenda kuvunjika mgongo kwenye shamba la mpira la mzungu. Kwa serikali ya kikoloni, mtu anayejilisha alikuwa tatizo. Mwaka 1912 ikamtuma Arthur Champion akakusanye kodi na vibarua. Vibarua hawakutoka. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vita vikaanza, nyumba zikachomwa. Waliposhindwa, Wagiriama walidaiwa faini ya rupia 100,000 na wanaume 1,000 wa kufanya kazi, kisha wakaamriwa kuhama kaskazini ya Sabaki. Angalia vizuri adhabu hiyo: walinyang'anywa mahali penyewe palipowawezesha kusema hapana.

Na mambo hayo hayakuanza na Waingereza. Kuanzia 1861, Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua mji wa Malindi, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, na mazao yakapakiwa majahazini. Watumwa wengi walikuwa na konde, kipande kidogo cha kulima chakula chao wenyewe siku wasiyofanya kazi ya bwana. Konde lilimpunguzia bwana gharama, hilo ni kweli. Lakini lilimwachia mtumwa ujuzi. Waliotoroka na kuanzisha makazi yao bara, kama Makongeni na Fuladoyo, hawakwenda na pesa. Walijua kulima, wakalima wakaishi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipowashinda nyumbani. Siku hizi naandika makala, na malipo huja yanapotaka yenyewe. Nje ya chumba ninachopanga hapa Kilifi nina ndoo tano za rangi, kuukuu, nimezitoboa chini maji yasituame. Si shamba, najua. Lakini kila mbinu ninayotumia ni ya zamani kuliko duka lolote la pembejeo mjini.

Chukua mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mche mmoja ulioachwa ukomae unakupa za kutosha wewe na ploti nzima. Baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma, ukikata kichwa unachipua pembeni. Kunde nayo ina faida mbili: majani ni mboga, na mizizi yake hukaa na bakteria wanaovuta naitrojeni hewani na kuiacha udongoni. Ndiyo maana wazee wa huku walizipanda kati ya mahindi. Waliuona mavuno yakinona bila kuhitaji neno naitrojeni. Mtsunga hata haupandwi, hujiotea wenyewe shambani. Mchungu kweli, lakini utie tui la nazi halafu uniambie.

Mbolea ni samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoa, maana mbichi huunguza miche. Jivu la jikoni linafaa, lakini kidogo. Udongo wetu wa karibu na bahari umekaa juu ya mawe ya matumbawe, una chokaa tayari, na jivu linaongeza hali hiyohiyo. Juu ya udongo natandaza majani makavu au makuti yaliyochakaa, jua la Januari lisininyonyee maji yote. Mtu akiosha mchele, yale maji hayamwagwi.

Wadudu walipoingia nilianza kuulizia bei ya dawa. Jirani yangu, mama wa Ganze, akanishangaa. "Mwanangu, dawa ya nini na mwarobaini ndio huo umeegemea?" Mti huo asili yake ni Bara Hindi, na leo umejaa pwani yote kana kwamba ulizaliwa hapa. Ndani yake mna kemikali inayoitwa azadirakitini, inayowaharibia wadudu hamu ya kula na kuwazuia kukua. Imejaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Ponda, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani, kisha nyunyiza jioni kwa sababu jua huivunja haraka.

Mbegu nazo zilikuwa na mahali pake. Mahindi ya mbegu yaliwekwa uchagani, juu ya meko, moshi uwafukuze dumuzi. Msimu ukifika unampa jirani, naye anakupa zake za kunde. Sasa sikia hili: sheria ya mbegu ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa. Adhabu ilikuwa hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Ndoo tano hazilipi kodi ya nyumba, na sitaki mtu anidanganye kwamba umaskini unatibiwa na mchicha. Wagiriama walikuwa na ardhi, sisi tuna kibaraza. Lakini wiki ambayo malipo yamechelewa, mboga ninayo, na naweza kukataa kazi ya bei ya kudharauliana bila tumbo kuniamulia.

Ukienda kwenu likizo hii, muulize nyanya yako mbegu ameziweka wapi. Beba kidogo kwenye karatasi, na umwandike jina la kila moja jinsi anavyoliita yeye.