Kuunda upya betri ya baiskeli ya umeme nyumbani

Betri ya baiskeli ya umeme haifi yote kwa wakati mmoja. Aghalabu hudhoofika sehemu moja, nayo ikaziburuta nyingine. Ndiyo maana mwenye baiskeli hujikuta akiisukuma baada ya mlima wa kwanza, ilhali taa ilionyesha kuwa chaji imejaa.

Ndani ya betri ya volti 48 mna makundi 13 ya seli za lithiamu. Seli iliyoenea zaidi ina kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65 na volti 3.6 hivi. Makundi huunganishwa kwa mfululizo ili volti zijumlishwe, nazo seli za kundi moja huunganishwa sambamba ili kuongeza akiba ya umeme. Palipo na seli nne katika kila kundi, jumla yake ni 52.

Kazi huanza kwa kupima. Fundi huvua pete na saa, akafungua kasha juu ya meza ya mbao, kwani kipande cha chuma kikigusa ncha mbili huwaka kama kaa. Makundi 12 yakisoma volti 3.7 na moja likasoma 2.1, mgonjwa amepatikana. Yote yakiwa sawa na yenye afya, huenda kasoro imo katika waya, chaja au bodi ya kudhibiti umeme, na hakuna haja ya kugusa seli.

Hapa ndipo wengi hupotea. Huona ni nafuu kubadilisha kundi hilo moja, au kulilazimisha kupokea chaji. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 huyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na ikichajiwa tena yaweza kujiunguza yenyewe kwa ndani. Isitoshe, seli mpya zikichanganywa na kuukuu, zile kuukuu ndizo zitakazoamua betri itafika wapi. La busara ni kubadilisha zote, kwa seli za aina moja na volti zinazolingana.

Ununuzi nao unataka macho. Seli ya ukubwa huo iliyoandikwa miliampia-saa 9,900 ni ya bandia. Hakuna ya kweli inayofikisha hata nusu ya kiasi hicho.

Seli hushikanishwa kwa utepe wa nikeli na mashine ya kuchomelea kwa nukta, ambayo hutoa joto kwa muda mfupi mno. Chuma cha kulehemu kikiwekwa juu ya seli huipasha moto hadi ndani na kuiharibu. Kwenye ncha chanya huvikwa pete ya karatasi ya kuhami, kitu kidogo ambacho kikisahauliwa huzua moto.

Kisha huja nyaya nyembamba za bodi, ambazo huwa 14 kwa makundi 13. Kabla ya kuzichomeka, kila moja hupimwa: volti ziongezeke ngazi kwa ngazi, bila kuruka. Waya mmoja ukikosea nafasi, bodi huungua. Chaji ya kwanza hufanyiwa nje, mbali na mlango, huku mtu akiitazama hadi volti 54.6, wala si usiku watu wakiwa wamelala.

Tahadhari hizi si za bure. Mwaka 2023 jiji la New York, lililokumbwa na mioto mingi ya betri za aina hii, lilipiga marufuku kuunda betri kwa seli zilizotolewa katika betri zilizokwisha kutumika. Seli za kompyuta kuukuu, zipendwazo kwa urahisi wa bei, ndizo hasa zilizolengwa na sheria ya namna hiyo.

Seli zilizoondolewa zisitupwe jaani. Ncha zake hufunikwa kwa utepe wa kuhami, zikahifadhiwa mbali na vitu viwezavyo kuwaka hadi zipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.