Tathmini ya teknolojia za afya: Utajuaje kama imemsaidia mama wa Nangwa?

Tuseme ni saa nane usiku, Nangwa, wilayani Hanang. Mama ana uchungu, bodaboda imepatikana, amefika kwa mkunga. Mtoto anatoka lakini hapumui. Mkunga ana kama dakika moja tu: amkaushe, amsugue mgongo, na akiona bado, ampe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo.

Dakika hiyo imebeba maamuzi yaliyofanyika mbali sana na Nangwa. Nani alisema kituo kiwe na mfuko ule? Nani aliamua hela iende huko na siyo kwenye kitu kingine? Na je, mkunga aliushika lini mara ya mwisho?

Kujibu maswali kama hayo kwa ushahidi, badala ya kubahatisha, ndiko kunakoitwa tathmini ya teknolojia za afya. Jina ni refu, ila kazi yenyewe inaeleweka: kifaa au dawa hii inafanya kazi? Inafanya kazi kuliko tuliyonayo? Inagharimu kiasi gani, na hela hiyo hiyo ingeokoa watu wangapi ikienda kwingine?

Teknolojia siyo mashine tu

Ukisikia "teknolojia" usiwaze CT scan peke yake. Hapa neno linabeba dawa, chanjo, kipimo cha haraka cha malaria, upasuaji, hata mafunzo ya wauguzi. Fetoskopu, ile mfano wa tarumbeta ndogo ambayo mkunga huiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, nayo ni teknolojia.

Tanzania inaamuaje?

Mwaka 2014, mtafiti Amani Mori na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna Tanzania ilivyokuwa ikichagua dawa muhimu. Walichokuta ni kwamba wajumbe wa kamati walitegemea zaidi uzoefu wao na busara zao. Uchambuzi wa gharama dhidi ya faida haukuwa na nafasi kubwa mezani.

Mwaka huo huo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe tathmini hizi. Baadaye Wizara ya Afya ikaunda kamati ya kitaifa ya kazi hiyo.

Sehemu ambayo mwananchi anaweza kuona maamuzi haya ni Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, uliohuishwa mwaka 2017 na tena 2021. Kila dawa kwenye orodha ina herufi. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni huduma za kibingwa.

Kwa mtu wa mjini herufi hizo ni mambo ya ofisini. Kwa mtu wa Nangwa, dawa ikipewa C badala ya A, hiyo ni nauli ya kwenda Katesh.

Mzigo unaongezeka pia kwa sababu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Bima lazima iwe na kitita, na kitita maana yake kuna vitakavyoingia na vitakavyobaki nje. Ni bora tujue vimechaguliwa kwa kigezo gani.

Sasa, matokeo yanapimwaje?

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Ripoti kuandikwa siyo matokeo. Hata sera kubadilika bado siyo mwisho wa safari. Kuna ngazi: kwanza maarifa, kisha uamuzi, kisha wahudumu wabadilishe wanachofanya, halafu ndiyo mgonjwa apone.

Uingereza walilipima hili kwao. Mpango wao wa kitaifa wa tathmini ulianza mwaka 1993, na mwaka 2007 ikatoka ripoti ya kuangalia muongo wake wa kwanza. Watafiti walioongoza miradi waliulizwa kazi zao zilifika wapi. Takriban robo tatu ya miradi ilidaiwa kugusa sera. Iliyodaiwa kubadilisha utendaji wa wahudumu? Asilimia 42.

Na kumbuka, waliojibu ni wenye miradi wenyewe. Sijui mwanafunzi gani akipewa asahihishe mtihani wake mwenyewe atajipa sifuri.

Kisa cha Haydom

Pengo hilo la kati ya karatasi na wodi halihitaji mfano wa Ulaya. Lipo hapa hapa Manyara, na limepimwa.

Hospitali ya Kilutheri Haydom iko wilayani Mbulu na imekuwepo tangu mwaka 1955. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kutumia mdoli. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, kwenye mdoli walikuwa wameimarika kabisa. Ila kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, utendaji haukuwa umebadilika.

Isome tena hiyo. Mafunzo yalifanyika, wahudumu walifaulu, vifaa vilikuwepo. Kama kipimo chako ni idadi ya waliohudhuria, ungeandika "mradi umefanikiwa" na kufunga faili.

Haydom hawakufunga faili. Kuanzia mwaka 2011 walibadilisha namna ya kufundisha: mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa kila wiki, pale pale kazini. Mdoli ni ule ule, mfuko ni ule ule. Safari hii vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015.

Na gharama? Uchambuzi uliofanywa hapo hapo Haydom na kuchapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa mafunzo hayo yaligharimu takriban dola 233 za Marekani kwa kila maisha yaliyookolewa. Ni pungufu ya bei ya simu janja nyingi.

Kutoka Mbulu hadi mikoa mitano

Wazo hilo lilikua, likaongezewa vifaa. Kimoja ni kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na kimepewa jina la Kiswahili kabisa: Moyo. Kifurushi kizima kikajaribiwa kwenye hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mikoa iliingizwa kwa zamu ili hali ya kabla na baada ilinganishwe vizuri. Walifuatiliwa akina mama na watoto wapatao 300,000.

Matokeo yalitoka Februari 2025 kwenye jarida la The New England Journal of Medicine. Kilichosambaa sana ni kwamba vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75. Ni habari kubwa kweli. Lakini kipimo kikuu ambacho utafiti ulipangwa kukijibu kilikuwa kingine: watoto waliozaliwa wafu pamoja na waliofariki siku ya kwanza. Hao walishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, yaani asilimia 18.

Namba zote mbili ni njema. Ila mtu akikutajia ile ya 75 peke yake, muulize na ile nyingine. Tathmini nzuri huanza na swali lililowekwa kabla matokeo hayajajulikana, na 18 ndiyo iliyojibu swali hilo.

Kuna jambo jingine ambalo namba haisemi yenyewe. Waliopimwa walikuwa kwenye hospitali na vituo vya afya, siyo zahanati za vijijini. Mkunga wa sehemu ndogo anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mtoto asiyepumua, kwa hiyo mikono yake husahau haraka zaidi. Kisha siku moja anapewa uhamisho, na ujuzi unaondoka naye kwenye basi.

Ukitaka kujua kama mpango unafanya kazi

Usiishie kuuliza kamati imekaa vikao vingapi. Chukua kitu kimoja kilichopitishwa, ukifuatilie: kimeandikwa kwenye mwongozo? Kina herufi gani? Bohari ya Dawa imekileta? Aliyepo zamu leo usiku anajua kukitumia? Rejesta ya wodi ya wazazi inaonyesha nini mwaka mmoja baadaye?

Kwa mfuko ule wa hewa, swali la nne lina jibu la bei rahisi. Fungua daftari la mazoezi la kituo, uangalie tarehe ya mwisho iliyoandikwa.