Safu ya Lugha: Kuhakiki si kukagua

"Ujuzi huu umehakikiwa," hutangaziwa wanaotaka kuwaongezea uwezo wasaidizi wa akili mnemba, nao huelewa kwamba ni salama. Sivyo. Hakiki ni ya Kiarabu, ukoo mmoja na haki na hakika: ni kuthibitisha kwamba kitu ndicho kinachodaiwa kuwa. Ukihakiki cheti, unajua kimetolewa na nani, basi. Kukagua ni kufungua na kutazama ndani, kama afanyavyo mkaguzi wa hesabu. Na kupekua ni kusaka kitu unachokishuku.

Tofauti hii ni nzito. Ujuzi ambao kampuni ya Anthropic ilimtolea msaidizi wake Claude mwaka 2025 ni folda yenye faili ya maelekezo, SKILL.md, na pengine programu ndogo za kuendeshwa. Mtengenezaji anaweza kuwa amehakikiwa vizuri kabisa, na bado ndani ya faili mkawa na mstari unaomwagiza msaidizi asome nywila zako na kuzituma kwenye anwani usiyoijua. Msaidizi naye anaweza kutii, kwa kuwa kazi yake ni kufuata maelekezo. Wahariri wenzangu, andikeni "umekaguliwa" pale tu faili zote zilipofunguliwa na kusomwa.