Bepari: Neno Moja na Historia ya Wahamiaji wa Kihindi Afrika Mashariki

Faida ya wahamiaji kwa nchi iliyowapokea hupimwa kwa kodi, mitaji na ajira. Makala haya yanapendekeza kipimo kingine, yaani msamiati, na yanadai kwamba Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya mchango wa Wahindi hata pale siasa ilipoukana.

Pesa, laki, hundi, bima na gari ni maneno yenye asili ya Bara Hindi, na yaliletwa na watu waliokuwa kazini. Katika Zanzibar ya Seyyid Said, ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo pia ilikopesha misafara ya bara, biashara iliyofungamana na utumwa. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alitandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, kisha akaingia katika uchambuaji wa pamba. Kati ya vibarua wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda (1896–1901), takriban 2,500 walifariki na wapatao 6,700 walibaki.

Neno bepari lilitokana na neno la Kihindi na Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara. Katika siasa ya Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilishika maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine. Kwa hiyo jina la kazi likageuka shtaka.

Shtaka hilo halikuzuka bure. Sheria ya kikoloni nchini Tanganyika ilibana utoaji wa mikopo kwa Waafrika, na mfumo wa kibaguzi ukamweka Mhindi kati ya Mzungu na Mwafrika. Hata hivyo, kasoro hiyo ilitokana na sheria iliyogawa faida kwa rangi, wala si na uhamiaji wenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda; bidhaa zikaadimika na viwanda vya sukari vikadorora. Katika miaka ya 1990 serikali iliwaalika warudi kudai mali zao.

Leo hakuna anayeiita pesa neno la kigeni, ilhali wajukuu wa walioileta bado huulizwa kwao ni wapi. Historia ya uchumi wetu haitakamilika mpaka isomwe sambamba na historia ya maneno yake.