Karagwe, Mlango wa Falme Zisizoaminiana

Karagwe ya karne ya 19, ambayo ardhi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ilibanwa na wakubwa: Buganda na Bunyoro upande wa kaskazini, Rwanda ng'ambo ya mto Kagera. Wengi huona hapo ndipo ulipoanzia udhaifu wake. Naamini hapo ndipo ilipoanzia kazi yake kubwa, ya kupitisha maneno kati ya nyumba za kifalme zilizoogopana. Wapelelezi wa Kiingereza Speke na Grant walipofika Bweranyange, makao ya kifalme ya Karagwe, Novemba 1861, Omukama (yaani mfalme) Rumanyika hakuwafungulia njia hivihivi. Alimpelekea Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, habari zao kwanza, naye Mutesa akatuma watu wa kumchukua Speke. Grant, aliyeuguza mguu, akabaki kwa Omukama. Wakati huohuo Baraka, mtu wa msafara ule, alitumwa kupitia njia nyingine kwa Kamrasi wa Bunyoro, hasimu mkubwa wa Buganda. Njia zote mbili zilianzia barazani pa mtu mmoja. Kilichomwezesha ni nasaba ya Wahinda, iliyomuunganisha na watawala wa Nkore na wa nchi za Wahaya, pamoja na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani, ambako pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo na shanga. Kila jirani alikuwa na cha kupoteza endapo Karagwe ingechomwa.

Itasemwa kwamba Rumanyika alikuwa kibaraka tu wa Buganda, kwani alipogombea kiti na ndugu yake Rogero, Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi, alimpa Kabaka Suna, aliyemtangulia Mutesa, pembe ili alete jeshi la kumsaidia. Deni hilo lilikuwapo, sikatai. Lakini kibaraka mtupu asingekuwa na njia ya kumfikia adui wa bwana wake. Hoja nzito zaidi ni Rogero mwenyewe: miaka kadhaa baadaye Rumanyika alimwomba Speke msaada wa kumwua. Ugomvi wa jirani aliweza kuutazama kwa mbali. Huu ulikuwa wake, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kukaa kati yao. Rumanyika alipofariki, warithi wakauana, na jirani waliokuwa wakipitisha maneno Bweranyange wakaanza kuingilia nani akalie kiti. Hivyo mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi hizi kwa mstari wa ramani, Karagwe haikuwa tena na sauti hata katika mambo yake yenyewe.